Dawa ya majaribio: mugonjwa ana haki gani?

Wakati Ebola ilipokuwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, neno moja lilisikika kuanzia ku soko mupaka ku kanisa: « kobaye ». Watu wengi walijiuliza kama miili yao haitumiwi juu ya kujaribu dawa ambazo wengine, mbali, watakuja kuzitumia kwa usalama. Ulizo hilo halikuwa la ujinga. Ni kweli, dawa zilikuwa zinajaribiwa. Lakini kujaribu dawa na mutu mwenye amekubali, na kumutumia mutu kama panya, si kitu kimoja. Tofauti iko wapi?

Woga ulitoka wapi

Woga huu una historia. Mwaka 1996, Kano, kule Nigeria, watoto 200 wenye ugonjwa wa uti wa mgongo waliingizwa katika majaribio ya dawa ya kampuni Pfizer. Watoto 11 walikufa, na wazazi walisema hawakuelezwa kwamba ni majaribio. Kampuni ilikana kosa, lakini mwaka 2009 ilipatana na jimbo la Kano juu ya malipo.

Ni sababu ya mambo ya namna hii njo sheria za utafiti ziliandikwa. Ya Nuremberg ilitoka mwaka 1947, kisha kesi ya waganga wa Wanazi. Tangazo la Helsinki lilifuata mwaka 1964. Msingi wake ni mwepesi kuelewa: faida ya mugonjwa inapita faida ya utafiti, na hakuna mutu anaingizwa bila ruhusa yake.

Huku kwetu, kutoaminiana kulikuwa na sababu zingine tena. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kutokea Mangina, katika eneo lenye watu walikuwa wanauawa tangu miaka. Mwezi Desemba uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ilitajwa kuwa sababu moja. Wengi waliona ugonjwa umekuwa siasa. Wafanyakazi wa riposti walishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019, Daktari Richard Mouzoko, Mukameruni wa OMS, aliuawa Butembo.

Pamoja Tulinde Maisha

Utafiti wenyewe ulipewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha, kwa kifupi PALM. Ulianza Novemba 2018, ukiongozwa na INRB ya Profesa Jean-Jacques Muyembe pamoja na taasisi ya afya ya Marekani. Wagonjwa 681 waliingia, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Dawa zilikuwa ine: ZMapp, remdesivir, mAb114 na REGN-EB3.

Mugonjwa hakuchagua dawa, na munganga pia hakuchagua. Ilikuwa kama kupiga kura ya bahati. Hapa njo mabishano yalianza. Mama mwenye mutoto anakufa, unawezaje kumuambia kwamba dawa ya mutoto wake itatoka ku kura?

Wenye kutetea njia hii walijibu hivi. Siku ile hakuna mutu alijua dawa gani inaponya. Kama munganga anachagua mwenyewe, anaweza kupatia wenye nguvu dawa moja, na wenye kuzidiwa ingine, na mwisho hakuna mutu atajua ukweli. Katika Afrika ya Magharibi, ZMapp ilijaribiwa kwa wagonjwa 72 tu, na jibu halikupatikana wazi. Tena, katika PALM hakuna mugonjwa aliachwa bila dawa: kila mumoja alipata moja kati ya zile ine, pamoja na maji ya mishipa, chakula na uangalizi.

Kulikuwa pia kamati huru yenye kuchunguza hesabu wakati utafiti unaendelea. Tarehe 9 Agosti 2019, kisha kuangalia habari za wagonjwa 499, kamati hiyo iliomba kura isimamishwe, hata kama hesabu iliyopangwa ilikuwa haijafika. Dawa mbili zilikuwa zimeshinda. Kati ya wenye kupata ZMapp, karibu 50 kwa mia walikufa. Remdesivir, 53 kwa mia. Lakini mAb114 ilikuwa 35 kwa mia, na REGN-EB3 karibu 34. Kwa wenye walifika virusi vikiwa bado vichache mwilini, dawa hizo mbili zilipunguza vifo mupaka karibu mutu mumoja kwa 10.

Kukubali maana yake nini?

Karatasi yenye sahihi haitoshi. Kukubali kwa kweli kunaomba mambo matatu: mutu aelezwe kwa luga anayosikia, awe na nafasi ya kuuliza, na awe huru kukataa bila kunyimwa matunzo. Katika kituo cha Ebola hiyo ilikuwa nguvu. Mugonjwa ana homa, jamaa iko inje ya uzio, munganga anaonekana macho tu. Kwa mutoto, ao mutu mwenye hana akili timamu juu ya ugonjwa, jamaa njo ilipashwa kukubali pahali pake.

Mama wenye mimba

Mwanzoni, chanjo ya Ebola haikupewa mama wenye mimba na wenye kunyonyesha, sababu usalama wake kwao ulikuwa haujajulikana. Wengine walisema ni kuwalinda. Wengine wakajibu: Ebola inaua karibu kila mutoto mwenye iko tumboni, sasa munamulinda nani? Mwaka 2019 masharti yalibadilishwa, na mama hao wakaruhusiwa, isipokuwa wenye mimba changa. Kumbe kumuacha mutu inje ya utafiti pia kunaweza kuwa kosa.

Mwaka ule ule, chanjo ya pili, ya Johnson & Johnson, ilileta ugomvi mupaka Kinshasa. Waziri wa afya Oly Ilunga aliikataa, na akajiuzulu Julai 2019, wakati riposti ilipowekwa chini ya Profesa Muyembe. Mwezi Novemba chanjo hiyo ilianza kutolewa Goma.

Na mpox je?

Utafiti mwingine wa PALM ulifanyika Tunda, jimbo la Maniema, na Kole, jimbo la Sankuru, juu ya dawa tecovirimat. Watu 597 waliingia. Hapa wengine walipata dawa, wengine kidonge chenye hakina dawa ndani. Ni haki? Waliotetea walisema hakukuwa dawa yenye imehakikishwa juu ya mpox, na wote walilazwa na kutunzwa vizuri. Mwaka 2024 jibu lilitoka: tecovirimat haikuponyesha vidonda haraka zaidi. Lakini katika vikundi vyote viwili vifo vilikuwa 1,7 kwa mia tu, chini ya vile inazoeleka inchini. Matunzo mazuri njo yalisaidia.

Damu ya nani, dawa ya nani?

Dawa mAb114 ilitokana na damu ya mutu mwenye aliponea Ebola ya Kikwit, ya mwaka 1995. Ilihakikishwa na wagonjwa wa Kivu na Ituri. Mwishoni mwa 2020, dawa zote mbili zilipata ruhusa Marekani, na mwaka 2022 OMS ikazipendekeza rasmi. Lakini akiba kubwa iko Marekani, na shirika la Waganga Wasio na Mipaka limelalamika kwamba wagonjwa wengi wa mlipuko ya nyuma hawakuzipata. Sheria ya utafiti inasema wenye kubeba hatari wanapashwa kupata faida. Deni hilo halijalipwa lote.

Maulizo ya kuuliza

Siku moja wakikuomba wewe ao mutu wa jamaa yako kuingia katika utafiti, uliza:

- Hii ni matibabu ya kawaida, ao ni majaribio?
- Kamati ya maadili ya Kongo imeruhusu?
- Nikikataa, nitatunzwa namna gani? Ninaweza kutoka katikati?
- Hatari gani zinajulikana, na nani atanitunza nikizipata?
- Damu yangu itapelekwa wapi, na itatumiwa juu ya nini?
- Dawa ikifaulu, hospitali yetu itaipata?

Munganga mwenye anafanya kazi yake vizuri hatakasirika na maulizo hayo. Na mutu mwenye anauliza hazuii utafiti: anausaidia kubaki wa haki.