Watoto Waliotoka kwa Baba

Waikoma, ambao Robanda ni kijiji chao pembezoni mwa Hifadhi ya Serengeti, wana pembe za ndovu wanazoziita Machaba. Masimulizi yao yanasema zilitoka kwa mtabiri wa Kitatoga. Hazina mwenyewe mmoja. Hutunzwa kwa niaba ya Waikoma wote. Mwishoni mwa karne ya 19, sotoka ilipofyeka ng'ombe na njaa ikatawanya watu, jamii za magharibi mwa Serengeti ziliegemea rika kuliko ukoo. Marika ya Busaai, Borumarancha na Bongirate yaligawana nchi na majukumu, na kijana alijitambulisha kwa wenzake wa kutahiriwa pamoja kabla ya kumtaja babu.

Ukipanda kaskazini hadi Tarime, kwa Wakurya, hesabu inabadilika. Huko mji ni ng'ombe na watoto wa kiume. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza, na baadhi bado wanaweza, kutoa ng'ombe na kumwoa binti ili watoto wa binti huyo wabebe jina la nyumba yake. Ndoa hiyo huitwa nyumba ntobhu. Mtu akiniambia kwamba kuhangaikia urithi wa familia kuliletwa mkoani Mara na wamisionari, humwelekeza huko.

Wamisionari walichokileta ni namna nyingine kabisa ya kuhesabu nani ni mrithi wa nani. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1911. Wamennonite kutoka Marekani, wakiongozwa na Elam Stauffer, walianza Shirati mwaka 1934, kisha wakasambaa Bukiroba, Mugango na Bumangi, na mwaka 1940 wakafika Nyabasi kwa Wakurya. Masharti ya ubatizo yalikuwa makali: mke mmoja, hakuna sadaka kwa mizimu. Mzee mwenye wake kumi na zizi lililojaa angeyakubali vipi? Walioyakubali kwa urahisi zaidi ni wale ambao bado hawakuwa na kitu, yaani vijana wa shule. Kwa hiyo familia nyingi za Kikristo za Mara, ambazo leo zinahubiri utii kwa wazazi, zilianzishwa na watoto waliokwenda kinyume na baba zao. Jambo hilo halisemwi sana kwenye jubilei za parokia.

Mfano unaojulikana kuliko yote uko Butiama. Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki alikuwa na wake 22, na Mugaya wa Nyang'ombe alikuwa wa tano. Mtoto wao Kambarage alizaliwa 1922. Inasimuliwa kwamba mtemi wa Ikizu, Mohamed Makongoro, Mwislamu, aliuona uhodari wa kijana huyo kwenye bao ndipo akamshauri mzee ampeleke shule. Akaingia Mwisenge mwaka 1934. Katekisimu aliifuata mwenyewe pamoja na rafiki yake Mang'ombe Marwa. Baba, ambaye alikuwa amekwisha kumposea mke tangu utotoni, alifariki mwaka 1942. Tarehe 23 Desemba 1943 mwana akabatizwa kwa jina la Julius. Mwaka 1953 akamwoa Maria Waningu kwa ndoa ya kanisani, mke mmoja, katika ukoo uliopimwa kwa wake ishirini na ushei.

Hata hivyo hakutupa kila kitu. Alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955 kwa ajili ya chama cha TANU, alirudi nyumbani akamfundisha Kizanaki padri wa shirika la Maryknoll, Arthur Wille, na kumsaidia kutafsiri mafundisho ya dini: imani aliyoipokea kwa lugha za wageni akairudisha kwa lugha ya mama yake. Kifungua mimba wake alibeba majina mawili, Andrew la mtume na Burito la ukoo. Lakini mwaka 1963, akiwa rais, serikali yake ilifuta utemi nchini kote, na kiti cha baba yake kikaondoka nao. Uzeeni akatunga *Tenzi za Biblia*, Injili nne na Matendo ya Mitume kwa ushairi wa Kiswahili, zikachapishwa mwaka 1996. Alizikwa Mwitongo, Butiama, tarehe 23 Oktoba 1999, karibu na makaburi ya wazazi wake.

Kwa Wamennonite, Zedekia Kisare wa Shirati alipita njia inayofanana na hiyo, bila ikulu. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa misheni, akaguswa na uamsho uliolipuka Shirati mwaka 1942, na mwaka 1967 akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo. Uamsho ule ulifanya kazi ambayo kanuni za wamisionari hazikuiweza. Mjaluo, Mzanaki na Mkurya waliungama dhambi mbele ya wenzao na kuitana ndugu, na udugu huo ukaanza kufanya kazi za ukoo: kuposa, kuzika, kulea yatima.

Kazi hizo ziliwaangukia wanawake zaidi. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyeishi na kutafiti Mara kwa miaka mingi, ameonyesha katika kitabu chake cha 2019 kwamba wanaume wa mkoa huu husimulia asili ya ukoo na kabila, ilhali wanawake, kwa kuwa huolewa mbali na kwao, ndio wanaobeba kumbukumbu za mtandao: nani ni mjomba wa nani kijiji cha pili, nani alimhifadhi nani wakati wa njaa. Mtandao huo ulihitajika kweli. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1951 na ardhi ya mababu magharibi mwa Serengeti ikaendelea kubanwa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikahamisha kaya tena. Shamba la babu halikuwa tena kitu cha kutegemea. Aliyejua nyimbo za kanisani na jina la msimamizi wake wa ubatizo alipata pa kuanzia kila alikotua.

Na kizazi cha tatu na cha nne? Hapo imani imekwisha kuwa mila, na mila huzoeana na mila nyingine. Desemba ya miaka shufwa ndio msimu wa ukeketaji kwa Wakurya, na miongoni mwa wanaopeleka binti zao ni wazazi waliobatizwa, kwa hofu ya wazee wa mila na kwa hesabu ya ng'ombe wa mahari. Sheria ya 1998 inakataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18. Masanga, Tarime, masista wa Kikatoliki walifungua kambi ya kuwapokea wanaokimbia. Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, nyumba salama ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Mara, Rhobi Samwelly akiiongoza.

Wasichana hao wanatoroka nyumbani usiku, wengine pekupeku, kinyume na amri ya baba. Babu wa baadhi yao walifanya hivyohivyo walipoifuata misheni. Msimu ukipita wazazi huitwa kuzungumza kabla binti hajarudishwa. Wapo wanaoahidi kutomgusa, kisha wakamchukua. Wapo wanaokataa, na binti hubaki pale akisoma au akijifunza cherehani.