Protini ya ubongo wa ng'ombe na ubishi wa nani apigwe CT-Scan

Mwaka 2025 ulitimiza miaka 60 tangu Blake Moore, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, atenge protini ndogo kutoka ubongo wa ng'ombe na kuiita S100. Jina lilitokana na maabara tu: protini nyingi hujitenga na maji yakikolezwa chumvi ya amonia salfeti, lakini hii ilibaki imeyeyuka hata ukolezo ulipofika asilimia 100. Sikusikia popote ikisherehekewa. Hata hivyo, aina yake iitwayo S100B ndiyo iliyofungua njia ya vipimo vya damu vinavyosaidia leo kuamua kama mtu mzima aliyegonga kichwa apigwe CT-Scan au aruhusiwe arudi nyumbani.

Moore hakuwa akiwaza majeruhi. Mashine ya CT yenyewe ilipiga picha ya kwanza ya ubongo wa mgonjwa mwaka 1971, mjini London. Mwaka 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett wakatoa kipimo cha fahamu cha Glasgow, ambacho anayepata alama 13 hadi 15 kati ya 15 huhesabiwa kuwa na jeraha dogo. Ugumu wote uko kwa hawa wa jeraha dogo. Mgonjwa anaongea, anajua leo ni siku gani, anauliza simu yake iko wapi. Na huyohuyo anaweza kuwa anavuja damu ndani ya fuvu. Kwa hofu hiyo madaktari waliwapeleka wengi kwenye CT, na picha nyingi zikarudi hazina kitu. Zikabaki gharama, foleni na mionzi.

Waskandinavia ndio waliolishikia bango suala hili. Katika miaka ya 1990 Tor Ingebrigtsen wa Tromsø, Norway, na Bertil Romner wa Lund, Sweden, walifuatilia S100B inayovuja kutoka kwenye seli za ubongo ulioumia na kuingia kwenye damu. Hospitali ya Halmstad, Sweden, ikaanza kuitumia katika huduma za kila siku mwaka 2007. Ripoti yake ya mwaka 2012, ambayo nimeiegemea sana hapa, inaeleza habari za wagonjwa 512. Kati yao 138 walikuwa na S100B chini ya mikrogramu 0.10 kwa lita, na hakuna hata mmoja wao aliyekutwa na jeraha la maana ndani ya kichwa. Mwaka uliofuata miongozo ya Skandinavia ikaruhusu kipimo hicho kwa baadhi ya watu wazima, mradi damu itolewe ndani ya saa sita.

Waandishi wa ripoti wanaisimulia kama ushindi, na wana haki. Lakini wagonjwa 374 walivuka kiwango, ilhali waliokuwa na kasoro kwenye CT walikuwa 24 tu. Kipimo hiki uhodari wake ni kusema "huyu hana jeraha". Kikisema "huenda analo", hujajua lolote.

Ubishi ukaanzia hapo, maana S100B haikai kwenye ubongo peke yake. Mwaka 2000 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba hupanda kwa mabondia, na pia kwa wakimbiaji ambao hakuna aliyewagusa kichwa. Mwaka 2001 wenzao wa Stockholm wakaikuta juu kwa majeruhi waliovunjika mifupa bila kuumia kichwa. Mafuta ya mwili yanayo, na seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zinayo pia. Kisha mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa wakachapisha jambo ambalo lingepaswa kusimamisha kikao: watu weusi na Waasia wenye afya njema walikuwa na S100B nyingi kuliko wazungu.

Miaka kumi baadaye mwongozo wa Skandinavia uliweka kiwango kimoja kwa wote. Kwa usalama hapana neno, kwani mweusi anayevuka kiwango bure atapelekwa tu kwenye CT. Lakini faida iliyotangazwa, ya kumwepusha mtu na mionzi na gharama, inampita pembeni. Kwangu hilo si dogo.

Marekani nako kulikuwa na kichekesho. Mwaka 2008 chama cha madaktari wa dharura kiliandika kwamba S100B ikiwa chini ndani ya saa nne, daktari anaweza kufikiria kuacha CT. Kipimo chenyewe kilikuwa hakijaidhinishwa na mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA!

Idhini ilipokuja, tarehe 14 Februari 2018, haikwenda kwa S100B. Ilipewa kampuni ya Banyan Biomarkers, iliyosaidiwa na fedha za jeshi la Marekani, ambalo askari wake walikuwa wametikiswa na mabomu Iraki na Afghanistani. Kipimo chake husoma protini mbili, GFAP na UCH-L1, na kilijaribiwa kwa watu 1,959. Kiliwanasa asilimia 97.6 ya wenye jeraha linaloonekana kwenye CT. Wasio nalo, kiliwatambua asilimia 36 tu. Magazeti yakakiita kipimo cha mtikisiko wa ubongo. Sicho: kinabashiri CT itaonyesha nini, na mtikisiko mwingi hauonekani kwenye CT.

Yaliyofuata ni ya haraka. Mwaka 2021 kampuni ya Abbott ilipata kibali cha mashine ndogo inayotoa jibu kwa dakika 15, na mwaka 2024 kingine cha kutumia damu nzima bila kwanza kutenganisha plazima, hadi saa 24 baada ya kuumia.

Huku kwetu, kijana wa bodaboda anapoanguka mbali na mji, swali la wilayani huwa CT iliyo karibu iko umbali gani. Kipimo cha kumbakiza salama alipo kingemfaa yeye kuliko mgonjwa wa Halmstad mwenye mashine ghorofa ya chini. Lakini majaribio ya Banyan yalifanyika Marekani na Ulaya, na asiye na CT, kipimo kikisema "huenda analo", bado atatafutiwa gari la kumpeleka mjini.