Lori Linalorudi Tupu: Historia ya Taka za Maduka ya Korogwe

Taka za biashara katika mji wa Korogwe huzungumzwa kama suala la usafi na nidhamu. Mwenye duka wa Manundu hafagii mbele ya kibaraza chake, mama lishe amemwaga mabaki mtaroni, gari la halmashauri limechelewa, kesi imekwisha. Historia ya mji huu inasema jambo jingine. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, vitu vilivyofungia bidhaa viliingia Korogwe na vikatoka, kwa kuwa kila kimoja kilikuwa na mtu anayekitaka. Taka zilianza kulundikana pale vifungashio vilipokosa safari ya kurudi. Tatizo hili lilizaliwa viwandani na sokoni, na hapo ndipo dawa yake inapaswa kutafutwa.

Tuanze na mkonge, maana bila mkonge Korogwe tunayoijua isingekuwepo. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai Tanga ilikuwa 62. Reli iliyotoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, na mashamba kama Magunga, Ngombezi na Hale yakaufanya mji kuwa kituo cha manamba, mishahara na maduka. Mwaka 1964 Tanzania ilivuna takriban tani 230,000 za singa, ikiwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Nyuzi hizo zilikuwa kamba na magunia, yaani zilikuwa zenyewe vifungashio vya dunia. Duka la enzi hizo lilipokea sukari na maharage katika gunia. Gunia likiisha liliuzwa, likashonwa palipochanika, likabeba mahindi ya Handeni msimu uliofuata. Mafuta yalikuja katika madebe, na debe tupu lilikuwa ndoo, kipimo cha nafaka, hata bati la kuezekea banda. Soda na bia zilikuja katika kreti, na asiyekuwa na chupa tupu aliacha pesa ya chupa. Sukari ya robo ilifungwa kwenye karatasi. Hakuna aliyeiita hali hiyo uhifadhi wa mazingira. Ilikuwa hesabu ya kawaida ya biashara, na lori lililoleta kreti zilizojaa ndilo lililoondoka na kreti za chupa tupu.

Kisha ikaja plastiki, na kwa Korogwe ilikuja mara mbili. Mara ya kwanza ilikuja kama mshindani. Kuanzia miaka ya 1960 wakulima wa Ulaya na Amerika waliokuwa wakifungia majani ya mifugo kwa kamba za mkonge walianza kuhamia kamba za plastiki, huku Brazil nayo ikimwaga sokoni mkonge wake wa bei ya chini. Wapo wanaoutupia utaifishaji wa mashamba wa mwaka 1967 lawama yote. Uendeshaji mbovu ulichangia, sikatai, lakini hakuna menejimenti ambayo ingeirudisha bei iliyokwisha kuondoka na plastiki. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa chini ya tani 30,000. Mara ya pili plastiki ilikuja kama kifungashio: salfeti badala ya gunia, galoni badala ya debe, rambo badala ya karatasi, na chupa ya maji ya kutupa, ambayo abiria wa mabasi ya Moshi na Arusha huimaliza kabla hajafika Mombo. Mji uliopoteza mishahara kwa sababu ya plastiki ukabaki na kazi ya kuizoa. Na lori linaloleta maji ya chupa siku hizi hushusha mzigo na kurudi tupu.

Msomaji wa Tanga aliyewahi kupita karibu na korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, ana haki ya kunikatiza hapa. Mkonge wenyewe haukuwa msafi. Nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani; yanayobaki ni majimaji na nyama ya jani, na kwa miongo mingi yalirundikwa nyuma ya viwanda au kuachwa yatiririke, mengine yakaishia Mto Pangani. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini linaitia hoja yangu nguvu. Taka za korona zilidumu kwa sababu ile ile: hazikuwa na mnunuzi. Zilipopata thamani, mambo yalibadilika. Katika shamba la Hale, wilayani Korogwe, kampuni ya Katani, kwa msaada wa Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, ilijenga katika muongo wa kwanza wa karne hii mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa biogesi na kufua umeme, ukianza na uwezo wa kilowati 150. Mtambo mmoja haukuokoa tasnia nzima, ila ulithibitisha kwamba kilichoitwa uchafu kwa miaka 100 kilikuwa malighafi. Hilo hata mashine za nafaka zinalijua: pumba za mahindi hazizolewi na halmashauri, kwa kuwa wafugaji hulipa kuzipata, na maganda ya mpunga huchomea tofali.

Wengine watasema dola imekwisha kuonyesha kuwa amri inatosha. Viroba vya pombe vilipigwa marufuku kuanzia Machi 1, 2017, na mifuko ya plastiki ya kubebea kuanzia Juni 1, 2019, baada ya tangazo la Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, bungeni. Marufuku ya 2019 ilifanya kazi kubwa, na asiyekubali hilo aangalie mitaro ilivyokuwa kabla yake. Lakini amri hufaa pale mbadala upo karibu. Vifungashio vya viwandani na vya mazao ya kilimo viliachwa nje ya katazo, na kwa sababu zinazoeleweka: huwezi kumwagia mteja unga wa sembe mkononi. Wajanja wakaingilia mlango huo, wakaanza kutumia vifungashio vyepesi kama mifuko ya kubebea, hadi Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) likalazimika kuvifuatilia mwaka 2021. Chupa ya maji nayo haikuguswa.

Jibu linalopendwa zaidi maofisini ni ada: kila duka lilipe, apatikane mzabuni, taka zizolewe. Dar es Salaam ililijaribu jambo hilo mapema. Mwaka 1994 jiji lilikabidhi kata 10 za katikati kwa kampuni binafsi, na kikwazo kikajitokeza haraka: walioandikiwa ada wengi hawakulipa, na kampuni isiyolipwa haipeleki gari. Baadaye wakandarasi na vikundi vya jamii viliongezwa, na hali ikawa afadhali, lakini fundisho lilibaki. Ada humlipa mtu kwa kuhamisha taka kutoka dukani hadi dampo. Haimpi yeyote sababu ya kuzirudisha kwenye uzalishaji. Katika mji mdogo hesabu ni ngumu zaidi. Vyuma chakavu husafiri kutoka Korogwe bila kusukumwa na mtu, maana kilo ya chuma hulipia nauli yake. Chupa tupu za plastiki hujaza lori zima na uzito wake hautoshi kulipia mafuta hadi Tanga, seuze Dar es Salaam. Ndiyo maana mwokotaji huzikusanya pale tu bei inapopanda, na huziacha inaposhuka.

Pingamizi la mwisho ni la umaskini: tukiweka pesa ya chupa juu ya kila chupa ya plastiki, mnunuzi ataumia. Ataumia kwa muda wa kunywa maji, kisha atarudishiwa, na akiitupa, atakayeiokota ndiye atakayelipwa. Ujerumani inafanya hivyo tangu 2003 kwa senti 25 za euro kwa chupa za kutumika mara moja. Kenya, kwa sheria yake ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022, imeanza kumbebesha mzalishaji dhima ya kifungashio chake hata baada ya kuuzwa. Watanzania hawahitaji kwenda kujifunza huko. Kreti ya soda iliwafundisha zamani, na katika baa chupa ya bia ingali inarudi kiwandani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa serikali za mitaa wajibu wa taka ngumu, na zitaendelea kuubeba. Wabunge wa Tanga, ambao mkoa wao uliumia kwa plastiki kabla ya mingine, wanaweza kuomba jambo moja bungeni: chupa ya maji iwe na pesa ya chupa, na lori lililoileta Korogwe lilazimike kuondoka nayo.