Kinkondja: safari fupi za ziwani hupunguza mawazo

Wakaaji wa kando ya ziwa Kisale wamezoea safari tangu zamani. Mwaka wa 1957, wachunguzi walianza kufukua makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa hilo. Humo walikuta vyungu, vitu vya shaba, hata kauri za bahari ya Hindi. Shaba ilitoka kusini. Kauri zilitoka mbali zaidi, zikipita mkono kwa mkono. Mwaka wa 1918 reli ilikuwa imefika Bukama, na kutoka huko abiria walishuka mto Lualaba kwa meli.

Lakini mwaka wa 2005 na 2006, katikati ya Katanga, jamaa nyingi zilikimbia vita kati ya jeshi na Mai-Mai. Anayekimbia hachagui siku wala njia, na hajui kama atarudi.

Ndiyo maana kwa aliyehama, safari fupi si mchezo. Kupanda mtumbwi asubuhi, kusalimia shangazi ng'ambo, kununua samaki na kurudi jioni: mwili unachoka, ila mawazo yanapungua. Safari hii ameichagua mwenyewe, na kurudi pia.