Kaboni Ndani ya Chuma

Mkulima wa Singida na mkulima wa Bukoba hutenganishwa na mamia ya kilomita, walakini jembe walishikalo leo aghalabu ni lile lile la kiwandani. Haikuwa hivyo zamani, kwani Buhaya ilikuwa na mafundi wake walioyeyusha chuma.

Kando ya Ziwa Victoria, karibu na ghuba ya Kemondo, yamefukuliwa mabaki ya tanuri za miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Shimo lilipakwa udongo wa kichuguu, likajazwa matete ya kinamasi yaliyochomwa yakawa makaa. Juu yake ukasimamishwa mnara mfupi wa udongo na mavi ya chuma. Mivukuto ilisukuma hewa kwa mabomba ya udongo uliochomwa, na makaa ya matete yakakipa chuma kaboni. Chuma kitupu ni laini. Kaboni kidogo tu, chini ya sehemu mbili katika mia, hukigeuza kuwa chuma cha pua.

Mwaka 1976 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wazee walioifanya kazi hiyo ujanani waijenge tanuri upya. Ilikuwa imepita kama nusu karne, maana vyuma rahisi vya Ulaya vilikuwa vimewanyang'anya wateja. Mara ya kwanza hawakufaulu. Wakarudia hata wakapata. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery walitangaza katika jarida la Science kwamba hewa ilipata moto mabombani kabla ya kufika kwenye makaa. Juu ya hewa hiyo wataalamu walibishana sana. Lakini kaboni ilikuwamo katika chuma.

Mwaka 1991 Sumio Iijima wa Japani alieleza neli za kaboni zisizoonekana kwa jicho. Tangu hapo wataalamu wametaka kuzichanganya na metali na kauri ili kuziimarisha, na kazi imekuwa ngumu: neli hujikusanya mafungu, na katika alumini iliyoyeyuka kaboni huungana na metali ikawa kitu chepesi kuvunjika. Mwaka 2006 watafiti wa Dresden walisema wameziona neli hizo ndani ya upanga wa Dameski wa karne ya 17, uliofuliwa na fundi asiyezijua.

Si haki kuwadai Wahaya neli hizo ndipo wasifiwe. Upanga ule ulihifadhiwa katika jumba la makumbusho. Wazee wa Buhaya waliulizwa wangali hai, wakati wenzao wengi walikwisha kuzikwa na ujuzi wao, na mabomba yao yamevunjika mashambani.