Maumivu ya Kichwa katika Kiharusi cha Kuziba kwa Mshipa

Kwa karne nyingi tabibu hakuwa na njia ya uhakika ya kutambua, mgonjwa wa kiharusi angali hai, kama mshipa wa damu wa ubongo umeziba au umepasuka, na kwa hiyo maumivu ya kichwa yalifanywa mwamuzi: kichwa kikiuma ilidhaniwa damu imevuja, kisipouma ilidhaniwa mshipa umeziba. Mwamuzi huyo hakustahili imani aliyopewa, na sababu ya kumtilia shaka ilikuwapo mapema.

Mwaka 1664 Thomas Willis, tabibu wa Oxford nchini Uingereza, alieleza katika kitabu chake Cerebri Anatome uchunguzi wa maiti ya mtu aliyeuawa na uvimbe wa tumboni. Karotidi yake ya kulia, yaani mojawapo ya ateri kubwa zinazopandisha damu kichwani kupitia shingoni, ilikuwa ngumu kama jiwe na imekaribia kuziba kabisa, lakini hakupatwa na kiharusi, kwa kuwa ateri ya upande uleule inayopita katika pingili za shingo ilikuwa imetanuka mara tatu na kuibeba kazi ya karotidi hiyo. Hata hivyo, mwanzoni mwa ugonjwa wake aliumwa vikali na kichwa upande wa kushoto, na Willis alifikiri kwamba damu iliyozuiwa kulia ilifurika kushoto na kuunyoosha utando wa ubongo. Hoja hiyo inastahili heshima, maana iliyahusisha maumivu na kuziba kwa mshipa, si na kuvuja kwa damu.

Mwaka 1940 Bronson Ray na Harold Wolff, waliochunguza wagonjwa wakati wa upasuaji wa kichwa, walionyesha kuwa ubongo wenyewe hauhisi maumivu, bali ateri kubwa za chini yake na sehemu za utando wake ndizo zinazohisi. Kwa hiyo mshipa uliozibwa na damu iliyoganda, au ule unaotanuka kufidia mwenzake, unaweza kuuma bila tone la damu kuvuja.

Kipimo cha picha cha CT, kilichotumika kwa mgonjwa mara ya kwanza London mwaka 1971, kiliwezesha damu iliyovuja kuonekana mgonjwa akiwa hai. Tafiti zilizofuata zinatofautiana, lakini baadhi zilikuta karibu robo ya wagonjwa wa kuziba kwa mshipa wakiwa na maumivu ya kichwa, hasa mshipa ulioziba ukiwa wa sehemu ya nyuma ya ubongo. Ndiyo maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda haitolewi wala kunyimwa kwa kigezo cha kichwa kuuma pekee. Ni lazima picha ya ubongo itangulie.