Mzigo Waliojitwika

Lugha yetu ina maneno mengi ya kutaja kitu atoacho mtu kwa gharama yake, wala hayana maana moja. Kafara ni kitu kitolewacho ili balaa iondoke. Aitoaye hataki kuiona tena. Sadaka hupewa Mungu au maskini. Dhabihu ni mnyama achinjwaye. Tena wazee walitambika makaburini, kusudi mambo ya wazima na ya wafu yapatane. Katika hayo yote kitolewacho ni mbuzi, au nafaka, au pombe. Leo twataka kunena habari za watu waliojitoa wenyewe, hali hapana awezaye kuwadai. Nao katika safari yao waliishika njia ya misafara itokayo bara kwenda pwani, ile iliyokatiza Ugogo na milima ya Usagara.

Daktari David Livingstone alifariki usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873, katika mji wa Chitambo, nchi iitwayo leo Zambia. Wakuu wa watu wake walikuwa wawili. Susi alikuwa mtu wa Shupanga, katika mto Zambezi. Chuma alikuwa Myao, aliyeokolewa katika mikono ya wafanya biashara ya watumwa mwaka 1861, akiwa kijana bado. Pamoja nao walikuwako wapagazi, na vijana waliosomeshwa Nasik katika Bara Hindi, na wanawake pia, kama Halima mpishi. Chitambo aliwashauri wamzike bwana wao pale pale, maana pwani ni mbali mno. Wakakataa.

Farijala, aliyepata kumtumikia daktari mmoja Unguja, akaupasua mwili. Moyo wakauzika chini ya mti wa mvula, na Jacob Wainwright akasoma sala. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku kumi na nne, wakauzinga kwa nguo na gome la mti na turubali. Ndipo wakajitwika. Mwendo wenyewe ulikuwa zaidi ya maili 1,000, wakasafiri miezi kama tisa. Hawakwenda mbali ila wengi wakashikwa na maradhi, hata Susi, ikawabidi kukaa mahali pamoja muda wa mwezi.

Wako wasemao kwamba walifanya hivyo kwa hofu tu. Twakiri kwamba hofu ilikuwa na sababu. Mwaka 1866 Musa na wenziwe wa Anzuani walimtoroka Livingstone, wakaeneza habari za uongo kwamba ameuawa. Basi nani angaliwasadiki wengine wajao mikono mitupu? Lakini walikuwa na vitabu vyake na vyombo vyake vyote, navyo vingaliwatosha kuwa ushahidi. Tena katika mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza, Luteni Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Naye akawashauri wamzike huko. Hapo hofu ilikwisha, maana ruhusa waliipewa na mtu wa kabila ya marehemu mwenyewe. Wangaliweza kuutua mzigo kwa heshima na kwenda zao. Wakakataa mara ya pili. Nasi twaona ya kuwa tangu siku ile hawakuwa tena watumishi watimizao kazi, walikuwa watu watoao.

Walipofika Kasekera wenyeji wakawazuilia, kwa kuwa hawakutaka maiti ipitishwe katika nchi yao. Wale wakatumia werevu. Wakafunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wakawapa watu wayarudishe Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Mwili wenyewe wakaufunga kama mtumba wa nguo. Wachukuzi wa mabua wakaingia porini, wakayatupa, wakarudi kwa wenzao kwa siri.

Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo. Manowari ya Kiingereza ikauchukua mwili hata Unguja, nao watu wakalipwa mishahara yao wakaachishwa. Tarehe 18 Aprili Livingstone alizikwa London, katika kanisa la Westminster. Katika watu wote waliomchukua, Jacob Wainwright peke yake alikuwapo kaburini, kwa kuwa nauli yake ililipwa na wamisionari. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha. Jiwe la kaburi lataja mikono aminifu iliyomleta, lakini hapana hata jina moja la mwenye mikono hiyo.

Hata hivyo hatusomi kwamba walijuta. Chuma aliendelea kuongoza misafara, na mwaka 1876 aliongoza ule wa Askofu Steere uliokwenda Masasi. Akafa Unguja mwaka 1882. Matthew Wellington, mmoja wa wale vijana wa Nasik, aliishi Mombasa hata mwaka 1935. Susi alibatizwa Unguja mwaka 1886, miaka mitano kabla ya kufa kwake, akapewa jina la David.